Fomu Nilizozijaza kwa Masikio Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye kiti cha mbao katikati ya ua, nikafungwa khanga usoni, nikaambiwa nitulie. Nilikuwa nimekuja na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, shati nimelipiga pasi ya mkaa, nikidhani nitaonyeshwa meza yangu. Sista Msimamizi, mkuu wa kliniki ndogo ya masikio nilikoajiriwa hapa Ifakara, hakutaka hata kukiona cheti. Alitaka kujua kama nasikia.

"Nitatikisa kopo," alisema. "Wewe nyoosha kidole linakolia. Usiguse khanga, usigeuze kichwa. Na usianze kusali, hapa tunapima masikio."

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye punje za mahindi makavu. Likalia kulia, nikanyoosha kidole. Likalia nyuma, nikanyoosha nyuma. Alizunguka peku, simsikii hatua, lakini kila kopo lilipolia nilijua liliko kama ninavyojua mlango wa choo cha nyumbani. Mwishowe akanifungua.

"Hujakosa hata moja," alisema. "Masikio unayo. Akili tutaona mbele ya safari."

Sifa hiyo ndiyo iliyoniharibu, ingawa ilichukua miaka mingi kuoza.

Nieleze kidogo, maana ninyi vijana mna simu za kuwaonyesha njia, mnasahau kwamba masikio nayo yana kazi hiyo. Kusikia tu, sikio moja linatosha. Mawili ni ya kujua upande. Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia linaipata mapema kidogo kuliko la kushoto, udogo ambao hakuna saa ya mkononi inayoweza kuupima. Tena linaipata ikiwa na nguvu zaidi, kwa sababu kichwa chenyewe kimesimama katikati kama ukuta. Sista alikiita kivuli cha kichwa. Ubongo unalinganisha hayo mawili, wakati na nguvu, unasema: kulia. Mbele na nyuma ni kazi ngumu zaidi, na hapo mikunjo ya sikio la nje ndiyo inayosaidia, hasa kwa sauti nyembamba.

Cheo changu kiliitwa mpimaji msaidizi. Ndani ya chumba tulikuwa na mashine ya kupima usikivu, ambayo humvisha mgonjwa vipokea sauti na kumpigia milio ya kupanda na kushuka, naye anabonyeza kitufe akisikia. Mashine inakuambia mtu anasikia kiasi gani. Haikuambii kama anajua bodaboda inatoka upande gani. Kwa hilo tulikuwa na ua, duara la chokaa lenye alama nane, khanga na kopo.

Utaratibu wa Sista ulikuwa huu. Mgonjwa anakaa katikati. Mpimaji anakaa mbele yake, wametazamana, ubao wa kuandikia magotini. Mtikisaji anazunguka peku. Akiwa nyuma ya mgonjwa, mpimaji anamwona. Akiwa mbele ya mgonjwa, yuko nyuma ya mpimaji, na mpimaji haruhusiwi kugeuka, kwa sababu kiti chetu kilikuwa kinalia kama mlango wa sakristia na mgonjwa angejua kuna jambo. Ndiyo maana mtikisaji alikuwa na orodha mfukoni ya alama zote kwa mpangilio, na mpimaji alikuwa na nakala. Fomu ilikuwa na safu mbili: kopo lilikuwa wapi, mgonjwa ameelekeza wapi.

"Safu ya kwanza unaitoa kwenye orodha," Sista aliniambia. "Hata kama umelisikia mwenyewe. Hapa hakuna anayetaka habari za masikio yako."

Nikasema ndiyo Sista. Alipohamishwa nikaacha orodha. Kuandaa orodha mpya kwa kila mgonjwa kulinichosha, na mimi masikio ninayo, mwenyewe alisema. Nikawa namwambia mtikisaji azunguke anavyotaka, nami naandika ninavyosikia. Foleni ikawa fupi. Nikasifiwa kwa kasi.

Kuhusu vituo vya kazi, sina sifa ya kujivunia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Ifakara, nimesoma Ifakara, na kama si mwajiri nisingevuka hata mto. Nilipelekwa Mlimba miaka miwili, nikahesabu siku kama mfungwa. Nilipelekwa na msafara wa kliniki tembezi hadi Masagati, ambako gari lilikwama kwenye tope nami nikabaki ndani nikilinda vifaa, yaani nikilala. Kila niliporudi mke wangu aliniuliza nimeona nini, nami nilimwambia nimeona kwamba godoro letu ni zuri.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Daktari Bingwa wa masikio aliyetutembelea kutoka Dar es Salaam mara chache kwa mwaka. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za uzee. Alisema mzee anaweza kusikia mlango ukibishwa asijue ni mlango upi. Si kwamba sauti ni ndogo tu. Mishipa ya fahamu inayobeba habari kutoka sikio hili na lile imechoka, haitunzi tena ule wakati mdogo.

"Chukulia wapiga ngoma wawili waliozeeka," alisema. "Kila mmoja anaujua wimbo, ila hawaanzi pamoja. Na sikio moja likizeeka haraka kuliko mwenzake, sauti zote zinavutwa upande wa lile zima. Mwenye tatizo hajui. Kwake dunia imetulia, watu ndio wanaosimama mahali pasipo pao."

Nikayaandika maneno hayo kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri. Sikufikiri yananihusu.

Ni yeye pia aliyetuletea habari za vipandikizi. Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojiviringisha kama konokono, kinaitwa koklea. Ndicho kinachogeuza mtikisiko kuwa habari ya kwenda kwenye ubongo. Kikifa, kupaza sauti hakusaidii. Basi hupitishwa waya mwembamba ndani ya konokono huyo, na nje, nyuma ya sikio, hukaa kifaa chenye maikrofoni kinachoshikamana na kichwa kwa sumaku. Kifaa kinasikia, waya unauambia mshipa. Mtu aliyekuwa kiziwi anasikia jina lake tena.

Lakini upande ni habari nyingine. Aliyepandikizwa sikio moja, na la pili limekufa, hana cha kulinganisha. Mwenye kipandikizi kulia na kifaa cha kawaida cha kupaza sauti kushoto ana masikio mawili yasiyoelewana lugha: moja linapeleka habari mapema, jingine linachelewa. Hata mwenye vipandikizi viwili hutegemea zaidi nguvu ya sauti, maana ule wakati mdogo hupotea njiani. Mgonjwa akiwa mzee, unajumlisha na wale wapiga ngoma wawili.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa namna hiyo alikuwa Mama Tekla wa Lupiro, mjane mwenye ekari zake za mpunga karibu na mto. Alikuwa na kipandikizi kulia, na kushoto kifaa cha kupaza sauti. Aliletwa na mwanawe Yustini, fundi pikipiki wa hapa mjini, na mwanzoni walikuwa wanagombana kuhusu nani akae kiti cha dirishani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa shamba. Mpunga ukianza kutoa punje, lazima mtu akaamie, yaani akae shambani tangu alfajiri hadi jua kuzama, juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, akifukuza ndege kwa kombeo na kelele. Kundi likishuka kona moja usijue ni kona ipi, ukienda kona nyingine umewakaribisha mezani. Mama Tekla alikuwa ameamia maisha yake yote. Yustini hakutaka.

"Shikamoo Mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mwambie huyu kijana kwamba nasikia."

"Kusikia anasikia," alisema Yustini. "Juzi kapigiwa honi, karuka kuifuata pikipiki badala ya kuikimbia. Mzee Alfonsi, wewe mpime. Ukisema anaweza, nampeleka mwenyewe. Ukisema hawezi, shamba basi, nalikodisha."

"Na mimi nimekubali," alisema Mama Tekla. "Mpimaji aseme."

Nikampeleka uani. Mtikisaji alikuwa Bi. Rehema, mhudumu wetu, mwanamke mtulivu ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akinipinga. Nikafunga khanga, nikakaa mbele ya mama, nikaanza kuandika. Mama Tekla aliinua kidevu juu kama anayeimba litania. Alielekeza kwa haraka, bila wasiwasi, nyuma akakosa kiasi, na kwa ile nusu ya mbele alikosa vibaya. Kopo lilipolia kushoto kwake, kidole kilikwenda kulia. Nikamhurumia. Niliandika: Hatambui upande wa sauti. Asiachwe peke yake.

Alipoisikia fomu ikisomwa alifungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni uchungu tu. Yustini aliikunja karatasi akaitia mfukoni taratibu, hakuwa na furaha ya mshindi.

Msimu ule aliyekodi shamba aliweka mtu wa kuamia, akakaa siku mbili, akaenda zake. Ndege wakala. Mama Tekla alikuwa Ifakara, kwenye baraza la mwanawe, anamenya vitunguu.

Alirudi kliniki baada ya mavuno kuangaliwa kifaa. Wakati huo Mkuu wangu wa tatu na wa mwisho, Mganga Mfawidhi, kijana wa rika la mwanangu wa pili, alikuwa kwenye kikao. Tulikuwa chumbani mimi, Bi. Rehema na Mama Tekla.

"Mwanangu," alisema, "nina kosa nataka kuungama."

"Mama, padri yuko barabara ya pili."

"Padri hakuniandikia fomu."

Nikaweka kalamu chini.

"Siku ile nilichungulia," alisema. "Khanga ilikuwa imelegea puani. Nikasema potelea mbali, shamba langu litaondoka hivi hivi? Nikainua kidevu. Kila alipokuwa mbele yangu niliiona miguu ya Rehema, na hina yake, kama ninavyoiona sasa. Nikaelekeza kule kule iliko miguu. Wewe ukaandika nimekosa. Haya, mimi ni mwizi, nakubali. Lakini mwizi gani anaiba mtihani halafu anafeli?"

Nilicheka. Nilicheka sana, hadi nilipoona Bi. Rehema hacheki.

"Bi. Rehema?"

"Kaka Alfonsi, usiniulize mbele ya mgonjwa."

"Nakuuliza sasa hivi."

Akaangalia miguu yake. "Mama anasema kweli. Ulikuwa unaandika mahali nisipo. Nikiwa nyuma yako mkono wa kushoto, unaandika mkono wa kulia. Na si kwa mama peke yake."

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Na hukusema!"

"Nikuambie wewe? Wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Nilidhani ni hesabu yenu ya kitaalamu, kwamba kwa kuwa mmetazamana na mgonjwa, mnageuza."

Mama Tekla alisimama, akachukua kopo kwenye rafu, akalitikisa mara moja kama anayejaribu bei. "Twende uani. Kaa wewe."

Nikakaa. Rehema akanifunga khanga, akaikaza hadi nikaona nyota. Nilikuwa na hakika. Kopo lililia wazi, kulia kwangu, nikanyoosha kidole. Likalia tena kulia. Mara ya tatu, kulia. Nikaanza kujiuliza kwa nini mama hahami.

"Jamani," nilisikia sauti yake, "na huyu hata sumaku hana."

Nilipofungua khanga alikuwa kushoto kwangu, karibu kiasi cha kunigusa.

Sitasema nilijisikiaje. Nitasema tu kwamba niliomba maji ya kunywa.

Kisha ikawa zamu yake, kwa haki. Niliandika orodha, ya kwanza baada ya miaka mingi. Rehema akamkunjia khanga mara mbili. Na hapa ndipo kazi hii inaponichosha hadi leo: akiwa ametulia, bila kuchungulia, Mama Tekla alikosa karibu kama nilivyokuwa nimeandika. Sauti zilikimbilia upande wa kipandikizi, na nyuma aliita mbele.

Nilimfungua khanga, nikamsomea fomu. "Kwa hiyo ulikuwa umesema kweli."

"Hapana Mama. Sikusema kweli. Nilibahatisha."

"Basi shamba ndiyo limekwenda."

Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Fomu ya zamani na mpya zilifanana, hakuna ambaye angeuliza. Ila yeye aliendelea, akizungumza na kopo kuliko na mimi: "Lakini mimi shambani sikai kama nimepigwa picha."

"Unakaaje?"

Akaonyesha. Kichwa kikaenda kushoto pole pole, kikarudi kulia, kidevu kikashuka. "Natafuta kunakozidi. Kukizidi, nasimamisha kichwa. Ndege wakishuka hawaondoki saa hiyo hiyo, wana njaa."

Sista alikataza kugeuza kichwa, na alikuwa na sababu: tulipima masikio, si shingo. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaishi akigeuza kichwa. Nikamwambia Rehema amfunge khanga tena, atikise bila kuacha. Mama akageuza kichwa, akarudisha, akageuza tena. Kidole kikatua kwenye alama. Tukarudia orodha nzima. Alikosa chache, zote za nyuma, lakini kila jibu lilichukua muda. Kopo lilipolia mara moja tu na kunyamaza, akapotea tena.

Nikaandika pembeni ya fomu: Akitulia, hajui upande. Akigeuza kichwa na sauti ikiendelea, anajua. Ndege wanampa muda. Pikipiki haimpi.

Mganga Mfawidhi aliisoma akiwa amesimama. "Fomu haina nafasi ya maelezo haya."

"Ndiyo maana nimeandika pembeni, Daktari."

"Nitatia sahihi." Akatia. "Kuna lingine?"

Nikamweleza lingine. Alikaa.

"Ni fomu zipi zenye makosa?"

"Sijui. Safu ya kwanza yote ni masikio yangu."

"Tangu mwaka gani?"

"Na hilo sijui, Daktari. Kwangu mimi sikukosea hata siku moja."

Alifikicha macho. Hakunifokea, na ningependa angefoka. "Watu wamezuiwa kazi kwa fomu hizi, Mzee."

"Najua."

"Na wengine wameruhusiwa."

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Usiku na mchana nalifikiria sasa.

Yustini aliyasoma yale maelezo ya pembeni mara mbili, mafuta ya injini yakabaki kwenye karatasi. "Kwa hiyo nimpeleke au nisimpeleke?"

"Mvushe barabara," nilimwambia. "Mwache shambani. Jioni kamvushe tena."

"Kila siku?"

"Umesikia mpimaji," alisema mama yake.

Basi miezi yangu ya mwisho kazini, ambayo nilikuwa nimeipangia kukaa, nikaipitisha barabarani. Mganga Mfawidhi alinikabidhi majalada na gari, Bi. Rehema akakabidhiwa kiti cha mpimaji, mimi nikawa mtikisaji, peku, na orodha mfukoni. Tulikwenda Mlimba. Tulikwenda Masagati, na safari hii lilipokwama nilishuka kusukuma. Baadhi ya watu tuliwapata. Baadhi walikuwa wamehama kufuata mashamba. Baadhi walikuwa wamekufa kwa mambo ya kawaida, na nilipowauliza ndugu kama ilikuwa pikipiki, waliniangalia vibaya. Wapo waliopimwa upya wakatoka vizuri, wakauliza mbona zamani walikosa. Niliwajibu kwamba aliyekosa ni mimi. Mzee mmoja alinishukuru. Wengi walichukua karatasi mpya na kwenda zao.

Lupiro tulifika mpunga ukiwa umeanza kuinama. Nilimkuta Mama Tekla juu ya dungu, kombeo begani. Nilisimama kando ya shamba nikamwita, nikaendelea kumwita kama kanuni inavyotaka. Aligeuza kichwa huku, akarudisha, akashusha kidevu. Kisha akaninyooshea mkono wote.

"Wewe! Umekanyaga mpunga! Toka hapo!"

Nilitoka. Rehema akaweka alama ya vema kwenye fomu.

Nimestaafu sasa. Kuagwa kwangu kulikuwa na soda na hotuba fupi, nami nilishukuru kwa ufupi wake. Nakaa nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu ile siku ya khanga, na nimegundua kwamba nyumba inachosha ukiwa na jambo kichwani. Wajukuu wakiniita naujibu ukuta, wanacheka, nawaacha wacheke. Nawaambia vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi kwamba mkubwa wako akiandika mahali usipo, mwambie. Mwambie kwa adabu, mwambie faraghani, lakini mwambie siku hiyo hiyo, maana masikio hayapigi kengele yakianza kuzeeka.

Majalada hatukuyamaliza. Kwa hiyo kama wewe unayesoma ulikaa kwenye ule ua, ukafungwa khanga, na mbele yako alikuwepo mtu mwembamba anayeandika bila kugeuka, usiiamini karatasi niliyokupa, iwe ilikukataza au ilikuruhusu. Rudi kliniki. Muulize Bi. Rehema, atakupima kwa orodha. Na ukitaka kuja kunigombeza, karibu, nipo nyumbani siku zote. Ila njoo kwa mbele, nikuone.